Deni Moja, Nyumba Moja: Kwa Nini Mimi Sipati Usingizi na Mume Wangu Analala?

"Assalamu alaykum, daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Amu, kisiwani Lamu, na kila asubuhi nauza mahamri na mbaazi mlangoni kwangu. Mume wangu ana boti ya abiria kati ya Mokowe na Amu, lakini mashine yake imekufa tangu mwanzo wa kusi na fundi anataka pesa ambazo hatuna. Juzi gesi iliniishia mahamri yakiwa nusu karaini na wateja wamesimama. Mikono ilinitetemeka, tumbo likanisokota, nikampigia kelele binti yangu bila kosa. Mume wangu alikuwepo. Alisema 'Mungu atajaalia', akanyamaza, na usiku alilala mimi sijamaliza hata kuosha vyombo. Mimi huamka saa tisa usiku nikahesabu madeni mpaka adhana. Kichwa kinaniuma karibu kila siku, nanunua dawa za maumivu dukani, na nadhani nimeshapata vidonda vya tumbo kwa sababu ya mawazo. Mavyaa wangu anasema moyo wangu ni mwepesi na imani yangu ni haba. Jirani amenipa vidonge vyake vya usingizi, sijavimeza bado. Je, mimi ni dhaifu, au mume wangu hajali? Na mtu anaweza kubadilika?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Nimelisoma swali lako kwa makini, na naona kwamba unachokitaka hasa ni hukumu. Mko katika nyumba moja, deni ni moja, gesi iliyozimika ni moja, lakini mmoja anatetemeka na mwingine ananyamaza; kwa hiyo umeona kwamba lazima mmoja wenu awe na kasoro. Nitakujibu waziwazi kabla ya kuingia katika maelezo: katika yote uliyoyaandika sikuona udhaifu, na kimya cha mumeo peke yake hakitoshi kuwa ushahidi kwamba hajali. Watu hutofautiana katika uzito wa jambo linalotosha kuushtua mwili, katika kiungo ambacho msongo hujitokezea, na katika muda ambao mwili huchukua kurudi katika utulivu wake. Hilo la mwisho ndilo ninaloliuliza kwanza kila ninapomsikiliza mtu mwenye malalamiko kama yako, nalo ndilo ambalo familia nyingi hazilitazami kabisa, kwa kuwa halionekani usoni.

Tuirudie asubuhi ile. Moto ulipozimika chini ya karai, ubongo wako ulikwisha kulipima jambo lile na kuliona kuwa ni hatari kabla wewe hujapata neno la kusema. Neva zinazofanya kazi bila amri yako zikaziamsha tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo zikamwaga homoni ya adrenalini katika damu kwa muda wa sekunde tu. Moyo ukaenda mbio, pumzi ikawa fupi, damu ikapunguzwa tumboni na kupelekwa katika misuli mikubwa, na misuli iliyojazwa nguvu bila kupewa kazi ikatetemeka. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alikwisha kueleza tangu mwaka 1915 kwamba hayo ni maandalizi ya mwili kupigana au kukimbia. Tabu ni kwamba mtungi wa gesi haupigwi wala haukimbiwi, na wateja walikuwa wanakutazama.

Nyuma ya wimbi hilo la kwanza huja la pili, ambalo ni la polepole. Sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo haipothalamasi huipa ishara tezi ya pituitari iliyo chini yake, na hiyo huzipa ishara tena zile tezi za juu ya figo zitoe homoni nyingine, kotisoli, ambayo kazi yake ni kuhakikisha mwili una sukari ya kutosha kuendelea na mapambano. Kotisoli hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 baada ya tukio kuanza. Kwa maneno mengine, pale ambapo wateja walikuwa wamekwisha kwenda zao na jiko la makaa limewashwa, mwili wako ndio kwanza ulikuwa umejaa kotisoli. Wengi hulaumiana saa hiyo kwa kuambiana "jambo limekwisha, mbona bado una hasira?" Jambo huwa limekwisha mlangoni, lakini katika damu bado.

Katika hali ya kawaida kotisoli yenyewe huurudia ubongo na kuuzuia usiendelee kutoa ishara, na baada ya saa moja au zaidi kidogo mambo hutulia. Lakini tazama siku yako ilivyo. Kabla mwili haujashuka kutoka kwenye gesi, muuza unga anadai. Kabla haujashuka kutoka kwa muuza unga, unakuja ujumbe wa karo. Jioni fundi hapokei simu. Kila jambo linakukuta ukiwa katikati ya ngazi. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani, Allen Kanner, Richard Lazarus na wenzao, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 100 wa umri wa kati, wakaona kwamba kero ndogondogo za kila siku zilihusiana na dalili za msongo kwa nguvu kuliko hata matukio makubwa ya maisha. Nakutajia hilo kwa sababu najua utaambiwa kwamba wenzako wamefiwa au wamezama baharini wakavumilia, seuze wewe wa mtungi wa gesi. Ulinganisho huo si wa haki. Msiba mkubwa huja na watu, matanga, dua na sahani za chakula kutoka kwa majirani. Kero ya gesi haina anayekuja kuihani.

Sasa tumbo. Msongo hupunguza mwendo wa tumbo la juu na kuharakisha mwendo wa utumbo mpana, na ndiyo maana mtu mmoja kwa wakati mmoja hujaa gesi kifuani, hapati hamu ya chakula, na huku anakimbilia chooni. Hiyo ni kazi ya neva na homoni, na inauma kweli. Usikubali kuambiwa kwamba unajifanya. Hata hivyo hiyo si dalili tosha ya vidonda vya tumbo. Sehemu kubwa ya vidonda husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapatia Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, au husababishwa na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na aspirini. Hapo ndipo barua yako iliponitia wasiwasi zaidi kuliko ule mtetemeko wa mikono. Ukiwa unazinunua dawa hizo dukani karibu kila siku na kuzimeza bila chakula, huenda ukajiletea kidonda ambacho mawazo peke yake yasingekuletea. Isitoshe, dawa za maumivu zikitumiwa siku nyingi katika mwezi huanza zenyewe kuleta maumivu ya kichwa: mtu humeza kwa sababu kinauma, na kinauma kwa sababu amemeza. Kipimo cha bakteria hao kipo, na wakipatikana hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria pamoja na za kupunguza asidi.

Nije kwa mumeo, ambaye hayupo kujitetea. Weka jikoni sufuria nyembamba ya alumini na chungu cha udongo juu ya moto wa namna moja: sufuria itachemka upesi na kila mtu ataona inavyofoka, lakini ukiiepua inapoa mara moja; chungu hakionyeshi kitu kwa muda mrefu, na ukikiepua kinaendelea kutokota ndani. Mwaka 1979 Daniel Weinberger na wenzake walionyesha kwamba wapo watu wanaosema, na pengine wanaamini kwa dhati, kwamba wametulia, ilhali vipimo vya miili yao vinaonyesha mshtuko mkubwa kuliko wa wale waliotulia kweli. Uso na mwili havisemi kitu kimoja daima. Kulala mapema nako si lazima kuwe amani. Wapo wanaoukimbilia usingizi kama wengine wanavyokimbilia barazani, wakaamka wamechoka vilevile walivyolala. Siwezi kukuambia kwa yakini kwamba mumeo ni miongoni mwao. Ninachoweza kukuambia ni dalili za kuzitazama: kunyamaza kuliko desturi yake, kukereka kwa jambo dogo, kuacha vitu alivyovipenda, kuanza au kuzidisha miraa au muguka. Hayo majani ya kutafuna yana kichocheo kinachopandisha presha na kufukuza usingizi, na mwanamume mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mara nyingi haonekani akilia, bali huonekana akitafuna na kukaa kimya.

Lakini pia inawezekana kwamba ametulia kweli, na si kwa sababu ya ukavu wa moyo. Mwili haushtuliwi na tukio lenyewe tu, bali na jinsi akili inavyolipima: je, hili linanitishia nini, na nina nini cha kulikabili? Mtu aliyekulia kwenye boti amezoea kungoja maji yajae na upepo utulie, na huenda anaihesabu mashine iliyokufa katika mambo ya kungojewa. Na hapa nitasema jambo ambalo vitabu vya homoni haviligusi. Nani kati yenu anashika daftari la deni? Nani anajua kilo ya unga imepanda, karo imebaki kiasi gani, upatu ni wa nani mwezi huu? Ikiwa hesabu zote ziko kichwani mwako, basi mwenzako analala kwa sababu wewe uko macho kwa niaba ya nyumba nzima. Hilo ni suala la mgawanyo wa mzigo, halihusiani na nguvu ya moyo wa mtu yeyote, na dawa ya usingizi haiwezi kuligawanya.

Kuhusu "moyo mwepesi", kuna ukweli kidogo ambao mavyaa wako ameugusa bila kukusudia. Watu huzaliwa na viwango tofauti vya kushtuka. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwaonyesha watoto wachanga wa miezi minne vitu na sauti wasizozizoea. Kama mmoja kati ya watano alirusha mikono na miguu na kulia, ilhali wengine walitazama tu. Walipofuatiliwa kwa miaka, wengi wa wale wa kwanza walikuwa watoto waangalifu na wenye kusita mbele ya mambo mapya, lakini si wote waliokuwa na wasiwasi wa kupindukia. Malezi na mazingira yalikuwa na sehemu yake. Hali hiyo ya kuzaliwa ina faida zake pia. Mwenye kushtuka upesi huwa ndiye anayegundua mapema kwamba mtoto ana homa au kwamba hesabu ya duka haikukaa sawa. Kwa hiyo kama binti yako ni wa namna yako na mwanao mwingine ni wa namna ya baba yake, usistaajabu, na usimwambie binti huyo kwamba ni mwoga. Mwambie kwamba asubuhi ile hukumkasirikia yeye. Watoto wengi huelewa hilo likisemwa kwa maneno machache.

Ama imani, nakuomba umjibu mavyaa wako kwa adabu, au usimjibu kabisa, lakini usilibebe neno hilo moyoni. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakaingia weupe kwa huzuni, na hakuna anayesema imani yake ilikuwa haba. Sala na dhikri huwasaidia watu wengi kutulia, na sina sababu ya kukuzuia. Ninachokipinga ni kuufanya mtetemeko wa mikono kuwa mizani ya kumpimia mtu uchamungu.

Umeuliza kama mtu anaweza kubadilika. Kiwango chako cha kushtuka hakitabadilika sana, na anayekuahidi kwamba utakuwa mtu asiyeguswa na kitu anakudanganya. Muda wa kushuka ndio unaobadilika, na mafanikio yako ninaomba uyapime kwa kipimo hicho: si kama mikono ilitetemeka, bali kama ilipofika saa nne asubuhi ulikuwa umekwisha kuwa wewe.

Lililo jepesi kuanza nalo ni pumzi. Vuta hewa kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita au nane, kwa dakika tano hivi. Moyo hupunguza mwendo kila tunapotoa pumzi, kwa kazi ya neva ya vagasi inayoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni, kwa hiyo pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia mwili hupata nafasi zaidi ya kujituliza. Fanya mazoezi hayo ukiwa umetulia, si siku ya gesi kuisha, la sivyo utayasahau yanapohitajika. Pumzi haitatengeneza mashine ya boti. Itakufupishia ule muda wa kushuka, basi.

Kwa saa tisa usiku, kotisoli kwa desturi huanza kupanda yenyewe katika saa za mwisho za usingizi ili kuuandaa mwili kuamka, na mwenye madeni kichwani huamshwa mapema na kupanda huko, kisha akili inapata giza na ukimya wa kuhesabia. Hesabu zihamishie alasiri. Kaa na daftari baada ya Alasiri, andika kila deni na hatua moja inayofuata, hata kama hatua yenyewe ni kumwomba muuza unga akungoje wiki moja zaidi, kisha ulifunge. Ukiamka usiku na usingizi ukakataa, usibaki kitandani ukipambana nao. Ondoka, kaa mahali penye mwanga hafifu, sali rakaa zako ukitaka, urudi unapoanza kusinzia. Kahawa chungu ya jioni iache kwa sasa, kwa kuwa baada ya saa tano hivi bado karibu nusu ya kafeini yake imo mwilini. Na usingizi ukipungua, mwili hushtuliwa hata na jambo dogo zaidi, kwa hiyo usiku mbaya huifanya gesi ya kesho iwe kubwa kuliko ilivyo.

Vidonge vya jirani virudishe. Hukunitajia jina la dawa hiyo, lakini dawa nyingi za usingizi zinazopita mkononi kwa mkono ni za jamii ya diazepamu. Zinalaza kweli, na ndiyo hatari yake: baada ya wiki chache mwili huzizoea, kiasi kilekile hakitoshi tena, na kuziacha ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu kunaweza hata kuleta degedege. Daktari huweza kuziandika kwa siku chache kwa sababu maalumu. Jirani hana namna ya kujua kama wewe una sababu hiyo.

Halafu kuna mambo yanayoweza kuondolewa yenyewe badala ya kuvumiliwa. Bei ya unga huna mamlaka nayo, lakini gesi unayo: jiko la makaa likiwa limetayarishwa pembeni kila asubuhi, mtungi ukiisha itakuwa usumbufu tu. Mumeo mkabidhi sehemu ya daftari, sehemu kamili na si ya kusaidia tu. Mfano fundi, karo na mwenye duka la unga wawe wake, naye ndiye awapigie simu. Mazungumzo hayo yasifanyike mlangoni anaporudi kutoka gatini, wala mkiwa mmetoka kugombana, kwa sababu miili yenu wawili itakuwa bado juu. Baada ya Isha, watoto wamelala, mwambie jambo moja: "Mimi huamka saa tisa na siwezi kuzihesabu peke yangu." Usimuulize kwa nini hajali. Mtu wa kimya akishitakiwa huzidi kunyamaza, na wengine huhitaji kupewa swali leo ili wajibu kesho kutwa. Inawezekana usipate jibu unalolitaka mara ya kwanza, sikuahidi hilo.

Nenda hospitali bila kungoja ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, ukipata maumivu ya kifua yanayobana, au ukikonda bila sababu. Nenda pia ikiwa kwa wiki mbili mfululizo usingizi umekataa, furaha imekauka, au unashindwa kuamka kufanya biashara yako. Na ukipata fikra kwamba ni heri kufa, au mumeo akisema neno la namna hiyo hata kwa mzaha, msingoje hata siku moja. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu ya bure, 1199, ambako utapata mtu wa kukusikiliza. Wapo wanaoficha fikra hizo kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichokuwa kikifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba, kwa hiyo zungumza.

Kwa hali uliyonieleza, hata bila dalili hizo, ningependa upimwe mwezi huu. Unaweza kuanza katika zahanati ya karibu au Hospitali ya King Fahd hapo mjini. Usiseme tu "nina vidonda". Sema kwamba kichwa kinauma karibu kila siku, umekuwa ukimeza dawa za dukani, na huamka saa tisa usiku, kisha uombe kipimo cha bakteria wa tumbo na nafasi ya kuzungumza na mshauri nasaha au muuguzi wa afya ya akili. Wakiona haja watakupa rufaa ya Mombasa. Paketi za dawa ulizomeza uende nazo. Na mumeo akikubali kukusindikiza, apimwe presha siku hiyohiyo: presha iliyopanda kwa kawaida haina dalili, na ikionekana imefika 140 kwa 90 au zaidi, atatakiwa kurudi kupimwa siku nyingine kabla ya kuambiwa chochote.